Limi, Minzi

Nyakato, Mwanza
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada yangu Wilhelmina,

Shikamoo. Shemeji Paulo msalimie sana, mwambie nimesikia yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike na nimefurahi. Getruda naye mwambie mjomba amepata habari za matokeo yake. Kama Hisabati imemshinda asilie, mimi ilinishinda darasa la tano na mpaka leo napumua.

Mimi ni mzima, ila mgongo. Tangu Januari tunapakia mashudu ya pamba kwenye malori, na vumbi lake likishaingia kifuani halitoki. Yule mwenzangu wa chumbani amehamia Geita. Nilifikiri nitafurahi kupata nafasi, kumbe nilizoea kumsikia akikoroma. Sasa nikirudi kazini nafungua mlango, naweka kofia kwenye msumari, basi, mazungumzo yameisha.

Sasa sikiliza sababu ya barua hii. Jumapili iliyopita mchana nilikuwa nimekaa kwenye grosari ya jirani nakunywa soda. Wakapiga muziki wa hawa vijana, ule wa kukimbia kimbia. Katikati ngoma ikanyamaza, ikatoka sauti ya mwanamke. Dada, ni wewe. Soda ilinipalia. Watu wote waliokuwa pale wakainua mikono wakaitikia pamoja na wewe, "Limi, minzi! Limi, minzi!" Hata mama muuzaji, mikono yake ina povu la sabuni, anaitikia. Mimi peke yangu nimekaa. Mmoja akanipiga bega akaniuliza, "Vipi mzee, huu wimbo huujui?"

Najua nisiposema utajua tu, kwa hiyo nasema. Imetoka kwenye simu yangu. Ni ile niliyokurekodi Januari ya mwaka juzi mkilima shamba la shemeji. Huwa naisikiliza wakati wa chakula, kwa sababu ndiyo sauti yako iliyobaki. Kuna kijana hapa kiwandani anaitwa Masele, anashona magunia, na siku za mapumziko anatengeneza muziki kwenye kompyuta ya kaka yake kule Mirongo. Aliniuliza nasikiliza nini. Miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nasikiliza nini. Nikampa kipande.

Kama umekasirika niambie. Siku hizi hata nikikupigia simu huwezi kunitukana, na meseji zako anazisoma kila anayeshika kile kisimu chenu cha kitochi, kwa hiyo andika. Barua hii anakuja nayo Teodora wa dagaa.

Ni mimi mdogo wako,
Malimi

*

Kijijini, Buchosa
2 Machi 2025

Mdogo wangu Malimi,

Marahaba. Barua imefika ikinuka dagaa. Teodora alichelewa kwa sababu ilikuwa mbalamwezi, wavuvi hawatoki, na yeye bila dagaa havuki Kamanga. Nawe ukijibu angalia mwezi kwanza.

Huku tupo. Mihogo imeoza kidogo upande wa bondeni. Ndama ni jike kweli, Paulo anamsemesha kuliko anavyonisemesha mimi, na mimi siwezi kumjibu wala kumkatiza, kwa hiyo nyumba imetulia. Getruda hakulia. Alilia Paulo.

Huo wimbo tunao. Ulifika kabla ya barua yako. Getruda aliuleta kwenye simu ya rafiki yake akasema, "Mama, sikiliza kuna mtu anaiga sauti yako." Mayala wa kundi la Bagika alipita hapa makusudi, unamjua, tangu tukiwa wasichana tunashindana naye kwa ngoma na hajawahi kunishinda hata mwaka mmoja. Akasimama mlangoni akasema, "Wilhe, nasikia umekuwa mwanamuziki wa baa. Sisi Bagika nyimbo zetu bado zinalima." Zamani ningemtungia jibu hapo hapo, angekimbia na kanga yake. Nilimtupia gunzi la mahindi. Halikumpata.

Sikukasirika kwa kumpa huyo kijana. Ila wamesikia vibaya. Mimi sikusema limi. Limi ni jua, jua la nini? Ilikuwa saa tano, jua lilikuwa linatuunguza bila kuitwa. Nilisema "Malimi, minzi." Koo lilikuwa limenikauka, nikageuka nikakuona umesimama mtaroni umeinua simu, nikakuomba maji. Ngoma yao imekula ile "Ma" yako. Mwanza nzima inacheza jina lako lililokatwa kichwa, na wewe umekaa unakunywa soda!

Nilicheka mpaka Paulo akadhani nimekabwa. Siku hizi nikicheka hakuna kinachotoka, ni mabega tu.

Nina ombi moja. Hicho ni kipande, umesema mwenyewe. Nataka yote, mpaka mwisho. Niwekee kwenye memori kadi umpe Teodora. Sina sauti nyingine mahali popote, Malimi. Kanda za kanisani zililiwa na panya.

Dada yako,
Wilhelmina

*

Nyakato, Mwanza
27 Aprili 2025

Dada Wilhelmina,

Shikamoo, na Pasaka njema ingawa imepita. Msinisubiri tena kwa kutazama njia, kiwanda hakikutoa ruhusa. Mliosherehekea nafurahi kwa ajili yenu. Mimi nilipika wali nikala na Masele, naye alikula haraka akaondoka kwenda kupiga muziki.

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi nyingi. Halafu simu iliharibika, kioo kimepasuka na haiwaki, kwa hiyo lile ombi lako litasubiri kidogo.

Nikuambie ya huku. Mambo yamekuwa makubwa. Jumanne iliyopita wimbo ulijadiliwa redioni karibu saa nzima, nilisikiliza kwa simu wakati wa chakula. Mtangazaji anaitwa Queen. Alimleta mtu anayejiita mtaalamu wa utamaduni, mzee mmoja mwenye kukohoa kabla ya kusema. Akasema, "Limi ni jua. Minzi ni maji. Msukuma wa kale aliposimama shambani aliita vitu viwili tu vinavyofanya mbegu iote. Hii ni sala fupi kuliko zote duniani." Queen akasema, "Jamani, nimesisimka!"

Wakafungua simu. Mama mmoja wa Magu alikuwa na hasira kweli: "Mnachukua maombi ya wazee mnayapeleka kwenye bia. Kesho mtacheza na misa!" Kijana akajibu kwamba bila wao ngoma ingekuwa imekufa, maana wazee wenyewe hawaiweki mahali popote, wanakufa nayo. Mwingine akasema huyo bibi atafutwe aje jukwaani kwenye tamasha, watu wamwone. Mwingine akasema bibi kama huyo lazima amekwisha kufa.

Hata kiwandani waliacha kupakia wakabishana. Masele akasema, "Muulizeni Malimi, ni ya kwao." Wakanigeukia. Nikasema sijui, mimi nilikuwa narekodi tu.

Kwa nini sikusema, sielewi. Ningesema hilo ni jina langu wangecheka kidogo tukarudi kazini. Badala yake nilishika gunia nikaendelea kupakia.

Msalimie shemeji, na ndama.

Malimi

*

Kijijini, Buchosa
18 Mei 2025

Malimi,

Marahaba. Sisi wazima.

Umeandika simu imeharibika haiwaki. Mistari mitatu mbele umeandika ulisikiliza redio kwa simu. Mimi koo ndilo lililokatwa, macho yapo.

Kwa hiyo simu ni nzima na rekodi ipo na hutaki kunipa. Sikulazimishi. Nakuuliza tu: Krismasi mbili hukuja, Pasaka mbili hukuja. Kiwanda gani hicho kisichofungwa Krismasi? Teodora anasema alipita Nyakato siku ya Krismasi akakuta geti lina kufuli na wewe umekaa nje kwenye tofali.

Nakutumia karanga. Usimpe Masele zote.

Wilhelmina

*

Kijijini, Buchosa
6 Julai 2025

Mdogo wangu,

Hukujibu, naandika tena. Teodora amevuka mara tatu, nimeangalia mwezi.

Redio wamekuja. Gari jeupe, watu wanne, na huyo Queen mwenyewe, msichana mzuri, viatu vyake vimezama kwenye samadi ya Paulo. Sijui nani aliwaelekeza, labda Masele. Aliponiona alipiga magoti akasema, "Shikamoo bibi." Bibi! Nina miaka arobaini na minane. Akanisogezea maiki mdomoni: "Bibi, tuambie mwenyewe, Limi minzi, wahenga walimaanisha nini?"

Nilionyesha shingoni. Hakuelewa. Paulo akamweleza kwamba nilikuwa na uvimbe kooni, nikapasuliwa mjini, nikapona, sauti ikabaki huko. Binti wa watu akalia machozi ya kweli. Nilisikia huruma nikampa uji. Halafu nikamwandikia kwenye karatasi: HILO NI JINA LA MDOGO WANGU. NILIKUWA NAOMBA MAJI. Akasoma, akaikunja vizuri, akaweka kwenye mkoba wake kama picha ya mtakatifu.

Kesho yake tukawasha redio, kijiji kizima kimejaa uani kwangu, hata Mayala amekuja na kigoda chake. Queen akasema tumempata bibi mwenye sauti, lakini bibi amechagua kunyamaza, ili kuilinda siri ya maneno ya wahenga.

Mayala alisimama akaipigia redio kelele: "Muongo wewe! Wilhe hajawahi kuchagua kunyamaza hata siku moja!" Nilitaka kumkumbatia. Tumeshindana miaka thelathini, na ndiye aliyenitetea.

Watu walipoondoka nilikaa. Ile karatasi ilinitosha kabisa, ina maneno yote, na mtu mwenye akili zake aliisoma akaona ni nzuri zaidi nisiposema kitu. Sasa nina sauti inayosikika mpaka Dar es Salaam na hakuna anayesikia ilichosema. Upo wewe peke yako unayejua, maana uliyeitwa ni wewe. Na wewe umenyamaza.

Nataka yote, Malimi, mpaka mwisho.

Wilhelmina

*

Nyakato, Mwanza
3 Agosti 2025

Dada Wilhelmina,

Shikamoo. Karanga zilifika, asante. Mimi afya ni hiyo hiyo. Sina habari nyingine za kujaza mwanzo wa barua, nimezitafuta nimekosa.

Jana nilipiga simu redioni. Nilisubiri kwenye laini mpaka chakula changu kikapoa. Queen akasema, "Uko hewani, karibu." Nikasema, "Naitwa Malimi, niko Nyakato. Lile neno si limi. Ni Malimi. Ni mimi." Akasema, "Kaka, kwa hiyo wewe ndiye jua?" Wakacheka studio nzima. Nikasema, "Dada yangu alikuwa ananiomba maji." Hapo aliacha kucheka, nadhani alikumbuka karatasi yako. Halafu akasema, "Asante kaka kwa mchango wako mzuri, tunaye msikilizaji mwingine." Ikakatika.

Masele alikuwa amekaa karibu yangu, alisikia yote. Akaniuliza, "Na maji ulimpelekea?"

Dada, ndiyo hapo.

Kipande nilichompa Masele nilikikata mwenyewe kwanza. Nilikikata baada ya neno minzi, kwa sababu baada ya pale naingia mimi. Kwenye rekodi nzima ukiniomba maji mimi nasema, "Subiri bwana, usiharibu, narekodi." Na ndoo ilikuwa pale pale karibu na mguu wangu, kata inaelea. Watu wanacheka. Unameza mate, unaendelea kuimba, na sauti inaanza kukwaruza. Ile mikwaruzo vijana wanaipenda kuliko yote, wanasema ina hisia. Mimi nikiisikia najua ni nini. Miezi tisa baadaye wakakupasua.

Siku za upasuaji nilifika hospitali. Hukuniona. Nilisimama mlangoni pa wodi, umelala, shingo imefungwa. Nilifikiri ukiamka utafungua mdomo kuniita na hakuna kitakachotoka, na mimi nitakuwa nimesimama pale nakuangalia kama ile siku ya mtaroni. Nikaondoka. Kila Krismasi naweka nguo kwenye begi. Natoka mpaka getini, nakaa kwenye tofali.

Nilikuwa na simu mkononi na maji mguuni, na nilichagua simu. Wanaobishana redioni nani anaua ngoma na nani anaiokoa, mimi nawasikiliza tu. Mimi niliokoa sauti. Ingekuwa leo ningetoa maji.

Memori kadi ipo ndani ya karatasi ya biskuti. Ni yote. Ukishasikiliza usiponijibu nitaelewa.

Malimi

*

Kijijini, Buchosa
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Malimi,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile shikamoo ulizotakiwa kunipa mlangoni hukunipa.

Paulo mzima, anakohoa kidogo. Ndama ameachishwa ziwa. Mvua za kwanza bado, lakini Paulo ameshanoa majembe, unamjua. Mayala anakusalimu. Ndiyo, Mayala.

Kadi ilifika na Teodora, lakini nilikaa nayo wiki mbili. Nilisubiri siku Getruda yuko nyumbani na Paulo yuko machungani. Tulikaa jikoni, mchana, tukafunga mlango. Tulisikiliza mara nne.

Sasa nikueleze, na usome polepole maana wewe ukisoma unaruka.

Lile neno lako "Subiri bwana" nalikumbuka. Nilikuwepo! Unadhani nililisahau nikahitaji rekodi? Ulilisema unacheka, na mimi nilicheka, sikiliza vizuri utanisikia. Jembe lilikuwa limeshapanda, mtu anayeongoza ngoma ya kulima ya bugobogobo hasimami katikati kunywa maji, nilikuomba kwa uzembe wangu. Koo lilikuwa linanisumbua tangu mavuno ya mwaka wa nyuma yake na nilikuwa namficha Paulo. Daktari aliniambia uvimbe ulikuwa na miaka. Ungeniletea ndoo nzima nikaimaliza, ningepasuliwa siku ile ile.

Na hospitali nilijua ulikuja. Nesi alinipa chupa ya maji akasema kuna mwanaume mrefu ameiacha, hakutaja jina. Mtu anakuja kumwona mgonjwa na chupa ya maji tu, hata chungwa moja hana. Nilijua ni nani na nilijua ana neno gani moyoni. Nikasema akija nyumbani nitamwandikia alicheke. Hukuja. Chupa ninayo, naweka mafuta ya taa.

Niliitaka rekodi kwa kitu kingine. Tangu nipone, jioni nikitaka kumwita Getruda napiga sufuria na mwiko. Paulo nampigia makofi, kama kuku. Hakuna jina ninaloweza kulitaja tena, hata la mtu wa nyumbani kwangu. Nikawaza, kama kuna mahali nimewahi kumwita mtu wa damu yangu na ikabaki, ni pale. Kwenye huo wimbo wao jina limekatwa. Nilitaka nijisikie nikikuita jina zima. Basi.

Lipo. Ni zuri. Nimekuita vizuri sana, Malimi, na ngoma ilikuwa imetulia kidogo.

Hao watu wa redio waache na jua lao. Wanaocheza wacheze. Lakini mimi nimekuita mwaka juzi, na tangu Februari nakuita kwenye kila baa ya Mwanza, mchana kutwa, watu mia wananisaidia kuita. Mama hakutulea hivyo. Mtu akiitwa na mkubwa wake anafanyaje?

Mbona huitiki?

Wilhelmina

*

Kamanga
Jumamosi, 27 Septemba 2025

Naandika hapa kivukoni, nimeegemeza karatasi kwenye begi. Leo barua nimeibeba mwenyewe, Teodora yuko pembeni ananicheka. Salamu nitakupa mlangoni. Nimeandika kwa sababu najua nikikuona nitashindwa kusema, na hapo tutakuwa wawili.

Naam, dada.